Usiongeze muda kabla hujajua kama ulizo linafanya kazi au linasubiri

SWALI: Shikamoo kaka. Nasimamia mfumo wa SACCOS yetu hapa Tabora mjini, tuna tawi la pili Urambo na la tatu Nzega. Mfumo umeandikwa kwa PHP, kanzidata ni MySQL 8, seva iko hapa ofisini kwenye Linux na Nginx, inayopokea maombi ya kurasa. Kila mwisho wa mwezi mhasibu akibonyeza taarifa ya mwezi, ukurasa unazunguka dakika moja kisha unatoa kosa 504, la kusubiri jibu hadi muda kuisha. Muda huohuo makeshia wa matawi yote wanapata kosa 1205, la kusubiri kufuli la kanzidata hadi muda kuisha. Nimeongeza max_execution_time ya PHP kutoka 30 hadi 300, hakuna kilichobadilika. Msimu huu wa malipo ya tumbaku hali imezidi. Juzi mwanachama wa Urambo alileta risiti ya kuweka akiba: kwenye orodha ya miamala fedha ipo, lakini salio lake halijapanda. Nakutumia na ulizo la taarifa lenyewe, yaani amri ya SQL inayopelekwa kwenye kanzidata. Niongeze muda hadi ngapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole na msimu. Najua wiki za malipo ya tumbaku zilivyo: mlango haufungwi, na kila anayeingia ana haki ya kuondoka na risiti ya kweli.

Usiongeze muda, angalau si leo. Umeeleza mambo matatu, yaani 504 ya mhasibu, 1205 ya makeshia na salio la mwanachama wa Urambo, kama matatizo matatu tofauti. Nikiyasoma pamoja na ulizo ulilonitumia naona ugonjwa mmoja uliojitokeza sehemu tatu, na hiyo ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Nitaifikia.

Tuanze na saa. Tukisema mfumo umepiga taimauti, yaani muda wa kusubiri umekwisha, tunadhani kuna saa moja iliyolia. Ukweli ni kwamba zipo kadhaa, zote zinahesabu kwa pamoja, kila moja ina mwenyewe, na hazipeani habari. Ukurasa ukitoa 504 baada ya dakika moja kamili, iliyolia ni saa ya Nginx, inayoitwa fastcgi_read_timeout. Usipoigusa ni sekunde 60. Saa uliyoiongeza wewe haikuhusika hata kidogo. Kwenye Linux, max_execution_time ya PHP huhesabu muda ambao skripti yenyewe inachapa kazi. Muda inaokaa ikisubiri jibu la kanzidata hauingii kwenye hesabu. Ungeiweka 3000 matokeo yangekuwa yaleyale. Kwenye Windows muda wote huhesabiwa, ndiyo maana ushauri huo humsaidia mmoja na mwenzake ukamwacha palepale. Makeshia nao wana saa yao ndani ya MySQL, innodb_lock_wait_timeout, ambayo kwa kawaida ni sekunde 50. Hiyo hupima jambo moja tu: ulizo limesubiri kwa muda gani mstari wa jedwali uliofungwa na mwingine.

Sasa zingatia hili, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini taabu yenu hudumu muda mrefu kuliko taarifa yenyewe. Nginx ikikata tamaa, MySQL haiambiwi. Mhasibu anasoma 504 akidhani kazi imekufa, kumbe ulizo liko palepale linasaga diski. Anabonyeza F5. Ombi la pili linaingia PHP na kukuta faili la seshoni ya mhasibu (kumbukumbu ya kuingia kwake kwenye mfumo) limeshikwa na ombi la kwanza, hivyo linakaa foleni. La kwanza likiisha, nalo linaanza taarifa upya toka mwanzo. Akibonyeza mara tatu, amepanga taarifa tatu zifuatane. Kisha anamwita meneja: hebu jaribu kwenye kompyuta yako. Meneja ana seshoni yake, kwa hiyo lake halipangi foleni, linaanza sambamba na la mhasibu. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja amefanya ambacho mtu yeyote hufanya ukurasa unapokataa.

Siku itakapotokea tena, kabla hujaua kitu chochote, fungua dirisha la MySQL na uandike:

SHOW FULL PROCESSLIST;

Utaona kitu kinachofanana na hiki:

412 | mfumo | 371 | executing | INSERT INTO taarifa_mwezi ...
437 | mfumo | 44 | updating | UPDATE akaunti SET salio = salio + 50000 WHERE id = 2218
441 | mfumo | 31 | updating | UPDATE akaunti SET salio = salio - 120000 WHERE id = 907

Safu ya tatu hapo ni sekunde. Sasa jiulize: mstari wa 437, wa kumwongezea mwanachama mmoja shilingi 50,000, umekaaje sekunde 44? Kazi hiyo haifiki hata sehemu ndogo ya sekunde. Orodha inasema unafanya masasisho, lakini orodha hii haitofautishi anayefanya kazi na anayesubiri.

Wewe uko Tabora, pale reli ya kati inapogawanyika, njia moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza. Umeshapanda treni ukaona inavyokuwa. Njia ni moja, kwa hiyo treni mbili zikikabiliana, moja huingia njia ya pembeni stesheni na kusubiri nyingine ipite. Abiria aliye ndani huona jambo moja tu: tumechelewa. Lakini kuna kuchelewa kwa treni inayojikokota na mzigo mzito, na kuna kuchelewa kwa treni iliyosimama kabisa ikisubiri kupishana. Ya kwanza ukiibadilishia injini itakwenda. Ya pili hata uipe injini mbili haitaondoka, mpaka ile iliyo mbele iachie njia. Ulizo nalo ni hivyo hivyo. Swali la kwanza kuliko yote, kabla ya kuongeza muda, kununua RAM au kubadilisha seva, ni hili: lilikuwa linafanya kazi au lilikuwa linasubiri?

MySQL 8 ina mahali pa kukujibu waziwazi:

SELECT waiting_pid, wait_age_secs, waiting_query, blocking_pid, blocking_query
FROM sys.innodb_lock_waits;

Hapa utaona kwamba 437 na 441 wanasubiri, na aliyewazuia ni 412, taarifa ya mhasibu. Wakati mwingine blocking_query itakuwa NULL, na watu wengi wakiona hivyo hudhani chombo kimeharibika. Hakijaharibika. Maana yake ni kwamba aliyeshika kufuli hafanyi lolote kwa sasa. Amefungua transaksheni, yaani kundi la mabadiliko yanayothibitishwa au kutenguliwa kwa pamoja, amefunga mistari, kisha ameenda kushughulika na jambo jingine nje ya kanzidata. Nimekutana na hali hii mara nyingi kwenye mifumo ya akiba na mikopo, na mara nyingi chanzo ni SMS. Mwandishi wa programu anaandika muamala, anabadilisha salio, anamtumia mwanachama ujumbe wa simu, ndipo anapofanya COMMIT, yaani kuthibitisha transaksheni. Mtandao ukiwa mzito siku hiyo, mstari wa mwanachama unabaki umefungwa kwa sababu tu ujumbe haujatoka. Kagua programu yenu kwa hili. COMMIT kwanza, SMS baadaye.

Turudi kwa 412. Ulizo ulilonitumia, nikilifupisha, ni hili:

INSERT INTO taarifa_mwezi (tawi_id, bidhaa_id, jumla)
SELECT a.tawi_id, a.bidhaa_id, SUM(m.kiasi)
FROM miamala m JOIN akaunti a ON a.id = m.akaunti_id
WHERE YEAR(m.tarehe) = 2025 AND MONTH(m.tarehe) = 6 AND a.tawi_id = 1
GROUP BY a.tawi_id, a.bidhaa_id;

na programu inalirudia kwa tawi la pili na la tatu, yote ndani ya transaksheni moja.

Watu wanaojua MySQL kiasi watakwambia kusoma hakufungi mistari, kwa hiyo taarifa haiwezi kuwazuia makeshia. Ni kweli kwa SELECT ya kawaida. InnoDB, sehemu ya MySQL inayotunza majedwali, humpa msomaji picha ya data ilivyokuwa alipoanza, na waandishi wanaendelea na kazi yao. Ila SELECT iliyo ndani ya INSERT si ya kawaida. Kwa mpangilio wa kawaida wa InnoDB, uitwao REPEATABLE READ, kila mstari unaosomwa ili kuingizwa kwenye jedwali jingine hufungwa kwa kufuli la kushiriki: wengine wanaweza kuusoma, hakuna anayeweza kuubadilisha. Na kufuli hilo haliachiwi ulizo linapoisha, huachiwa transaksheni nzima inapoisha. Kwa hiyo taarifa ikimaliza tawi la Tabora na kuingia la Urambo, imeshafunga akaunti ilizozipitia, na zinabaki zimefungwa hadi Nzega ikamilike. Keshia wa Urambo anayetaka kubadilisha salio la mwanachama anakutana na mstari uliofungwa, anasubiri sekunde 50, anapata 1205. Hata muamala mpya unaweza kukwama, maana kufuli hizi hushika pia nafasi zilizo kati ya mistari na ile ya mwisho wa jedwali, pale mstari mpya unapotakiwa kuingia.

Ndiyo maana nakuomba usiongeze muda. Ukiongeza wa Nginx hadi dakika kumi, mhasibu atapata taarifa yake na matawi matatu yatasimama dakika zote hizo. Ukiongeza wa makeshia, utakuwa umempanga mwanachama dirishani badala ya kumwonesha kosa.

Nilishafanya kosa hilo mwenyewe, Kigoma, kwenye ofisi moja ya kupokea mizigo jirani na ziwa. Tatizo lilikuwa kama lako: taarifa ilikatika kila sekunde ya sitini. Niliongeza hadi 600, nikajaribu jioni wakati hakuna mtu, ikatoka vizuri, nikaaga. Mwisho wa mwezi uliofuata taarifa ilianzishwa asubuhi, mzigo ukiwa unashushwa. Maulizo yaliyokuwa yanakatika mapema na kuachia nafasi sasa yakawa yanakaa, kila moja likiwa na muunganisho wake. MySQL kwa kawaida huruhusu miunganisho 151. Ilipojaa, kila aliyejaribu kuingia alipata kosa 1040, la miunganisho kuzidi, hata yule aliyetaka tu kuchapa karatasi ya kutolea mzigo. Mama mmoja alikuwa na magunia yake ya dagaa nje na lori limeshafika, akangoja karatasi moja kwa saa nzima. Taabu ya awali ilikuwa inamkera mhasibu peke yake. Mimi niliieneza kwa kila mtu bandarini. Tangu hapo, mtu akiniambia ongeza muda, kwanza nauliza nani mwingine atasubiri.

Sasa tiba. Kuna ya kuharakisha kazi na kuna ya kuachia njia, na unahitaji zote mbili.

Ya kuharakisha iko kwenye WHERE. Andika EXPLAIN, inayoonesha MySQL italitekelezaje ulizo, mbele ya ile SELECT, bila INSERT, uangalie safu iitwayo type na ile iitwayo key. Nategemea utaona ALL na NULL kwenye mstari wa miamala, maana yake MySQL inasoma jedwali zima, kuanzia muamala wa kwanza tangu SACCOS ianze kutumia mfumo, ili kupata wa mwezi mmoja. Hata kama kuna indeksi kwenye tarehe haitatumika, kwa sababu umeifunika tarehe kwa YEAR na MONTH. Indeksi ni kama faharasa nyuma ya kitabu: imepangwa kwa neno lenyewe. Ukiuliza maneno yote yenye herufi ya tatu r, faharasa haikusaidii, itabidi upekue kitabu kizima. Iache tarehe wazi:

WHERE m.tarehe >= '2025-06-01' AND m.tarehe < '2025-07-01'

Usitumie BETWEEN na '2025-06-30' kwenye safu yenye tarehe na saa. MySQL itaielewa kuwa ni saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 30, na miamala ya siku nzima ya tarehe 30 itabaki nje. Mwisho wa mwezi, msimu wa malipo, hiyo ndiyo siku yenye fedha nyingi kuliko zote.

Kisha tengeneza indeksi inayobeba kila kitu ambacho ulizo linahitaji kutoka kwenye miamala, ili MySQL isilazimike kulifungua jedwali lenyewe:

SET SESSION lock_wait_timeout = 5;
CREATE INDEX ix_tarehe ON miamala (tarehe, akaunti_id, kiasi) ALGORITHM=INPLACE LOCK=NONE;

Mpangilio wa safu una maana. Tarehe inatangulia kwa sababu ndiyo inayopunguza kazi; akaunti_id na kiasi zinafuata ili zipatikane hapohapo. Na ule mstari wa kwanza usiuache. Indeksi inaweza kutengenezwa huku watu wakiendelea kufanya kazi, lakini mwanzoni na mwishoni MySQL huhitaji kufuli fupi la jedwali zima. Ikikuta transaksheni ndefu imeshikilia jedwali, itasubiri, na kila anayekuja nyuma yake naye atasubiri, hata anayesoma tu. Muda wa kawaida wa kusubiri huko ni sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima. Ukiweka 5, itashindwa upesi bila kumdhuru mtu, nawe utajaribu tena baadaye kidogo.

Jambo jingine la haraka: angalia innodb_buffer_pool_size. Ukiikuta 134217728, ni MB 128, kiwango cha kiwandani ambacho hakuna aliyekigusa. Kama seva ina RAM ya GB 8 na haifanyi kazi nyingine kubwa, ipe GB 4 au 5. Hii haiponyi ugonjwa, ila inakupunguzia safari za diski.

Ya kuachia njia ndiyo muhimu zaidi, na hapa nina msimamo. Achana na INSERT iliyobeba SELECT. Programu ya taarifa isome kwanza kwa SELECT za kawaida, matawi yote matatu, ndani ya transaksheni iliyofunguliwa hivi:

START TRANSACTION WITH CONSISTENT SNAPSHOT;

Kwa njia hiyo inaona picha moja ya wakati mmoja na haifungi mstari wa mtu. Matokeo ni mistari michache tu, bidhaa zenu za akiba na mikopo kwa matawi matatu. Yaweke kwenye kumbukumbu ya programu, funga transaksheni, kisha fungua nyingine fupi uyaandike kwenye taarifa_mwezi. Itachukua kufumba na kufumbua. Wapo watakaokushauri ubadilishe seshoni ya taarifa iwe READ COMMITTED, ambapo hata INSERT yenye SELECT haifungi mistari inayosomwa. Ni kweli, na ni mstari mmoja wa kuandika. Lakini hapo kila ulizo lina picha yake: Tabora itasomwa saa nne na dakika mbili, Nzega saa nne na dakika tano, na keshia akirekebisha muamala wa nyuma katikati, jumla hazitakubaliana. Kwa taarifa ya fedha za watu naona bora uandike mistari kumi zaidi ya programu kuliko kubahatisha hapo.

Taarifa nayo itoke kwenye ukurasa. Kitufe cha mhasibu kiandike ombi kwenye jedwali la kazi, skripti ya kroni (inayojiendesha kwa ratiba) ilichukue na kulitekeleza, na ukurasa useme taarifa inaandaliwa. Jedwali hilo liwe na ufunguo wa kipekee kwa mwezi, ili kubonyeza mara tano kulete ombi moja tu. Wengi hushauri kazi kama hizi zifanyike usiku. Kama ofisi yenu huzima seva jioni kwa ajili ya umeme, ushauri huo haukufai, na kwa marekebisho haya hauhitajiki.

Baada ya hayo yote, ndipo unaweza kuzungumzia muda, na kwa makeshia ningeupunguza. Kwenye muunganisho wa dirishani weka innodb_lock_wait_timeout iwe sekunde 8. Mwanachama aliye mbele ya keshia aambiwe mapema kwamba tunarudia, asikae karibu dakika nzima bila neno. Kwa maulizo ya kusoma yanayotoka kwenye kurasa za kutafuta, weka kikomo ndani ya ulizo lenyewe:

SELECT /*+ MAX_EXECUTION_TIME(15000) */ ...

Namba ni milisekunde, na hufanya kazi kwa SELECT peke yake. Muda ukifika, MySQL yenyewe inalikatiza ulizo na kutoa kosa 3024, na kazi inakoma kweli, tofauti na 504 ambayo humkatiza mtazamaji tu. Saa ya ndani iwe fupi kuliko ya nje: kanzidata sekunde 15, Nginx 60. Ikiwa kinyume, utaendelea kuwa na maulizo yatima yanayohangaika bila mtu wa kuyapokea. Na kama ulizo limeshakwama leo, andika KILL 412, siyo kuzima seva. Ukizima, ikiwaka italazimika kutengua kazi ileile iliyokatika.

Sasa mwanachama wa Urambo.

Hili wengi hawalijui, na ndilo linalopoteza fedha. Kosa 1213, pale transaksheni mbili zinapozuiana kila moja ikingoja nyingine, hutengua transaksheni nzima. Kosa 1205 halifanyi hivyo. Kwa mpangilio wa kawaida, 1205 hutengua ulizo lile moja lililosubiri, na transaksheni inabaki wazi ikiwa na yote yaliyotangulia. Tazama programu ya keshia: inaingiza mstari kwenye miamala, inafanikiwa, inajaribu kubadilisha salio, inasubiri sekunde 50, inapata 1205. Kama mwandishi amekamata kosa hilo, akalihifadhi kwenye logi, kisha programu ikaendelea hadi COMMIT, basi muamala umeandikwa na salio halikuguswa. Risiti ni halali. Orodha inaonesha fedha. Salio linakana. Nina hakika karibu yote kwamba ndicho kilichomkuta.

Kila mahali penye transaksheni, kosa lolote likikamatwa, la kwanza kufanywa ni kutengua:

catch (PDOException $e) {
  $pdo->rollBack();
  throw $e;
}

Unaweza pia kuweka innodb_rollback_on_timeout iwe ON kwenye my.cnf, faili la mipangilio ya MySQL, na kuiwasha MySQL upya, ili 1205 itengue transaksheni nzima. Iweke, lakini usiitegemee peke yake. Seva ikihamishwa na mtu akisahau mstari huo, mko palepale.

Halafu kuna kurudia. Keshia akiona kosa hubonyeza tena, na ana haki. Ila taimauti haimwambii kama kazi imefanyika au la. Muunganisho wa tawi la Nzega ukikatika baada ya seva kufanya COMMIT na kabla jibu halijarudi, fedha imeshaingia na keshia hajui. Akirudia, inaingia mara mbili. Dawa yake ni kwamba fomu inapofunguliwa dirishani, kabla ya kutuma chochote, itengeneze namba ya kumbukumbu ya muamala huo, na namba hiyo iende pamoja na ombi kila mara linaporudiwa. Kwenye miamala weka safu ya namba hiyo ikiwa na UNIQUE, yaani isiruhusu namba kujirudia. Ombi la pili lenye namba ileile litapata kosa 1062, na programu ilielewe hivi: muamala huu umeshaandikwa, chapa risiti. Hapo keshia anaweza kubonyeza mara kumi na mwanachama akaongezewa mara moja.

Kabla hujagusa lolote kati ya hayo, kesho asubuhi fanya hili kwanza. Huyo wa Urambo alikuja kwa sababu alitunza risiti. Wengine hawajui. Chukua bakapu, irudishe kwenye kompyuta nyingine, na huko uandike:

SELECT a.id, a.tawi_id, a.salio, COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS jumla
FROM akaunti a LEFT JOIN miamala m ON m.akaunti_id = a.id
GROUP BY a.id, a.tawi_id, a.salio
HAVING a.salio <> jumla;

Nimechukulia kwamba anayetoa fedha huandikwa kwa namba hasi, na kwamba salio la kuanzia liliingizwa kama muamala. Kama sivyo kwenu, rekebisha hapo. Orodha itakayotoka ni ya watu ambao vitabu vyao havikubaliani. Utaona wamejikusanya kwenye siku zilezile za mwisho wa mwezi. Usimrekebishe hata mmoja kwa UPDATE ya mkono, hata kama tofauti ni ndogo na unaona wazi ilipotoka. Ichapishe, mpelekee mhasibu na meneja pamoja, walinganishe na risiti na daftari la keshia wa siku hiyo, kisha kila marekebisho yaingizwe kwa utaratibu wenu wa kurekebisha hesabu, yakiwa na tarehe, maelezo na jina la aliyeidhinisha. Huyo wa Urambo mpigieni simu leo, kabla hamjamaliza wengine.